Daktari kaniambia sina mbegu, mke wangu hajui

Shangazi,
Nina miaka 34, ndoa yetu ina miaka minne. Mwezi uliopita nilipima kimyakimya, nikaambiwa manii yangu hayana mbegu hata moja. Mke wangu bado anameza dawa za kupevusha mayai, na kila akiona siku zake analia. Nimeanza kuchelewa kurudi makusudi. Najiona si mwanaume. Nitamwambiaje?
Mume Mkimya

Mwanangu,
Pole sana. Umefiwa na watoto ambao hukuwahi kuwabeba, na hakuna wa kukupa pole kwa kuwa hakuna anayejua. Hasira, wivu rafiki akitangaza mimba, kutotaka kuguswa, yote hayo ni majonzi. Usiyaonee haya.

Ila hizo dawa za mkeo zinanikera. Anatibiwa tatizo ambalo pengine hana, nawe unamtazama. Hukuchagua kukosa mbegu. Kunyamaza unachagua, kila anapomeza kidonge.

Mwambie wiki hii, mkiwa wawili, simu zimezimwa. Usitafute maneno mazuri. "Nilipima, hawakuona mbegu, nikaogopa kukuambia" yanatosha. Huenda akakasirishwa na huo mwezi wa siri kuliko majibu yenyewe. Mwache akasirike, usijitetee, wala usimwambie yuko huru kuondoka kabla hajasema lolote. (Wanaume wengi hudhani huo ni ungwana. Ni kumwamulia.)

Kuhusu uanaume, nguvu za kitandani na mbegu ni mambo mawili tofauti. Na tafadhali usikimbilie sindano za testosteroni, yaani homoni ya kiume: homoni hiyo ikiingizwa kutoka nje, korodani hupunguza au huacha kabisa kutengeneza mbegu.

Kipimo kimoja hakitoshi. Mbegu huchukua takriban miezi miwili na nusu kutengenezwa, na hata homa kali huweza kuzipunguza, ndiyo maana hurudiwa. Majibu yakibaki yale yale, uliza kama njia imeziba au korodani hazizalishi. Penye kuziba, mara nyingi mbegu huweza kutolewa moja kwa moja kwenye korodani na kurutubisha yai maabara. Korodani zisipozalisha ni vigumu zaidi, ingawa wapo wanaopatikana na mbegu. Sikuahidi mtoto.

Ukikosa usingizi siku nyingi, muone mshauri nasaha. Ukiwaza kujidhuru, tafuta msaada siku hiyo hiyo.

Kipimo cha pili nendeni pamoja. Ndugu hawahitaji kujua lolote mpaka nyinyi wawili mkubaliane nani aambiwe, na nani asiambiwe kamwe.