Nunua venia kwanza, programu itakusubiri

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, uhandisi mitambo, hapa hapa Dar. Ndoto yangu ni kusanifu bidhaa za viwandani: vyombo vya jikoni, viti, vifaa vya shule. Chuoni somo lenyewe tunaligusa juu juu. Laptopu yangu ni ya mtumba, ramu GB 4, na kila programu ya 3D ninayoipakua inaganda. Wenzangu wanasema bila programu siendi popote, na mmoja kaniambia kama sijui kuchora vizuri nisahau kabisa. Nianzie wapi? (Mwanafunzi, Kimara)

JIBU: Marahaba. Nianze na hiyo laptopu kwa sababu naona ndiyo inayokukosesha usingizi. Iache ipumzike miezi mitatu. Hela uliyotaka kuongezea ramu, nenda nayo Kariakoo kwenye maduka ya vifaa vya ufundi ununue venia, kile kipimio cha taya mbili kinachobana kitu na kukusomea unene wake. Chukua ya chuma, ya kusoma kwa macho, ya sentimita 15. Zile za plastiki zenye betri zitakudanganya siku betri ikichoka, na hutajua. Ongeza futi ya mita 5, daftari lisilo na mistari na penseli mbili. Umemaliza manunuzi.

Sasa tafuta kiti cha plastiki. Nasema kile kile cha harusini, msibani na kwa mama ntilie. Tumekikalia tangu utotoni, na wengi wetu hatujawahi kukigeuza. Kigeuze. Chini ya kikalio, mara nyingi karibu na katikati, utaona kidoa cha duara kama kovu la chanjo. Plastiki iliingilia hapo. Kiti kizima ni kipande kimoja: chembechembe za polipropilini huyeyushwa kwa joto linalozidi nyuzi 200 za Selsiasi, ule uji ukasukumwa kwa presha kubwa ndani ya kalibu ya chuma, yaani chombo kinachoupa umbo, ukapoa, kalibu ikafunguka, kiti kikatoka. Yote hayo ni kama dakika moja. Pitisha ukucha pembeni mwa mkono wa kiti, utagusa mstari mwembamba: nusu mbili za kalibu zilikutana hapo. Viduara vingine vidogo vidogo upande wa chini ni alama za pini zilizokisukuma kitoke.

Shika venia upime unene wa kikalio, mgongo na mguu. Kote utapata milimita chache, na hazipishani sana. Hapo jiulize: mguu unaobeba mtu wa kilo 90, mbona haujaongezewa unene? Tazama umbo lake. Umekunjwa kama engo ya fundi mageti, kile chuma cha pembe, na chini ya kikalio kuna mbavu, yaani vijikuta vyembamba vya kukaza. Plastiki nene hupoa polepole, na sehemu inayochelewa kupoa hujivuta kwenda ndani, uso wa nje ukabonyea. Kwa hiyo anayetaka nguvu hakimbilii unene, anakunja au anaweka ubavu, na ubavu wenyewe anauacha kwenye takriban nusu ya unene wa ukuta ili kibonyeo kisijitokeze upande wa pili. Angalia tena: hakuna ukuta uliosimama wima kabisa. Mwinamo wa nyuzi 1 au 2 hutosha kitu kuchomoka kwenye kalibu bila kukwaruzika. Kwenye miguu mwinamo umezidishwa makusudi ili viti vipandane.

Kupandana huko si jambo dogo. Mkodishaji anabeba viti vya shughuli nzima kwenye kirikuu kimoja. Hesabu ya aina hii ilishapigwa zamani: kiti namba 14 cha kampuni ya samani ya Thonet, cha mwaka 1859, cha mbao zilizopindwa kwa mvuke, kilikuwa vipande 6 tu vya mbao vya kuunganisha kwa skrubu na nati, na viti 36 vilivyofunguliwa viliingia kwenye sanduku la mita moja ya ujazo. Kisha mtazame mwendesha guta anayetoka Keko na sofa moja, amejaza hewa tupu mpaka Tegeta.

Ukimaliza kiti kizima, tafuta kilichoshonwa. Hili ndilo zoezi ninalolipenda kuliko yote na sijawahi kuliona kwenye mtaala. Uswahilini kiti kikipasuka hakitupwi. Fundi anapasha waya moto, anatoboa matundu huku na huku ya ufa, anapitisha waya na kukaza kama anayeshona gunia. Hesabu viti kumi vilivyoshonwa, uandike nyuzi ziko wapi. Utakuta zinarudia rudia sehemu zile zile, hasa pale mguu wa nyuma unapokutana na kikalio. Kwenye mchanga wa uani mguu unazama kidogo na kushikwa. Kwenye vigae unateleza kwenda nje mtu akiegemea, na kona ile inabeba kila kitu. Ongeza jua letu, ambalo huipausha plastiki na kuikausha ikawa kama biskuti. Yule fundi amekuchorea ramani ya udhaifu wa bidhaa bila kukutoza hata shilingi.

Chora kiti hicho. Hapa namjibu na huyo rafiki yako. Kuchora tunakokuhitaji si kule kwa mchora picha. Chora mtazamo wa mbele, wa ubavuni na wa juu, kwa skeli ya 1:10, ili kiti cha sentimita 80 kiwe sentimita 8 na mitazamo yote mitatu ienee kwenye karatasi moja ya A4. Weka vipimo kwa milimita. Mtu mwingine akiweza kukata boksi kwa kufuata karatasi yako bila kukupigia simu, unajua kuchora. Mistari ikiyumba, basi iyumbe.

Neno linalofuata limenigharimu, kwa hiyo nitalisimulia. Mwaka 2020, wakati wa korona, karakana moja iliniomba niwasanifie stendi ya kunawia mikono: ndoo ya lita 20 yenye koki, imekaa kwenye pete ya fletibaa, yaani chuma bapa, chini kuna pedali inayovuta waya wa kufungulia koki. Nikapima ndoo niliyoikuta bafuni kwangu. Wakachomelea stendi 40, zikapigwa rangi, zikapendeza. Siku ya kukabidhi mteja akaja na ndoo zake, lita 20 zile zile, ila za kiwanda kingine. Nyingine zikakwama juu ya pete, koki ikawa mbali na waya. Nyingine zikadidimia mpaka koki ikagonga chuma. Kosa lilikuwa langu peke yangu.

Piga hesabu uone. Ndoo yenye mdomo wa sentimita 30, kitako cha 24 na kimo cha 36 inapungua milimita 60 za upana ndani ya milimita 360 za kimo. Kwa hiyo kipenyo kikitofautiana milimita 6 tu, mahali ndoo inapokaa panahama milimita 36. Karibu vidole viwili. Mimi nilikuwa nimeandika kipimo kimoja kikavu, kama vile ndoo zote za nchi hii zimezaliwa na mama mmoja. Kiasi unachoruhusu kipimo kizidi au kipungue ndicho tunachoita toleransi, na kwenye mchoro kinaandikwa hivi: 300 ± 2. Lakini dawa yangu haikuwa kuandika toleransi kali zaidi, maana ndoo si zangu na kiwanda hakinisikilizi. Tulikata pete zote 40 kwa grenda, tukaweka sahani bapa ya kukalia kitako, na pete pana ya kuzuia ndoo isianguke tu. Sasa ndoo yoyote inakaa usawa ule ule. Wiki mbili za grenda zilinifundisha kuuliza kabla ya kalamu: kipi kati ya vitu hivi sikitawali?

Hapo ndipo fundi na kiwanda wanapoachana. Fundi wa Gerezani anaweza kukuta ndoo haikai, akagonga nyundo mara tatu, ikakaa. Kiwanda hakina hizo nyundo tatu. Kosa likiingia kwenye kalibu linazaliwa kila dakika. Na kalibu ni ghali: tuseme yako imegharimu milioni 30. Ukitoa vipande 1,000, kila kimoja kimebeba shilingi 30,000 za kalibu kabla hujanunua plastiki. Ukitoa 100,000, kimebeba 300. Mwanafunzi anayeniletea wazo la plastiki namuuliza atauza vingapi, na akijibu mia mbili namwambia arudi kwenye bati, mbao au fletibaa.

Programu, kwa kifupi. Ukifika wakati wake, weka FreeCAD. Ni ya bure, ukishaipakua haihitaji intaneti, na vipande vidogo vidogo kompyuta yako itavimudu, polepole. Toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2024. Fusion ya Autodesk nayo wanafunzi hupewa bure wakithibitisha wapo chuoni, lakini itakula bando lako na GB 4 zako zitalia.

Baada ya kiti, fanya kazi yako mwenyewe ya kwanza, na ninakuchagulia: mbuzi ya kukunia nazi. Ni ubao wa kukalia, miguu inayokunjwa na ulimi wa chuma wenye meno, basi. Ila matatizo yake yamejaa. Ulimi unalegea kwenye misumari. Unashika kutu. Miguu inabana vidole wakati wa kukunja. Kikalio ni cha chini kwa mtu mwenye magoti mabovu, na ukikiinua, bakuli la kupokea nazi nalo linataka kupanda. Pima watu ishirini wanaokuna nazi kweli: urefu wa kukaa, umbali kutoka nyonga hadi kiganja. Usichukue wastani wa vipimo hivyo, kwa sababu wastani hautamfaa mfupi wala mrefu. Tazama mfupi wao na mrefu wao, halafu tafuta umbo litakalowabeba wote wawili.

Tengeneza ya kwanza kwa boksi la friji na gundi, kwa ajili ya vipimo tu. Ya pili ya mbao na bati. Ipeleke kwa shangazi siku ya wali wa nazi, kaa kando, funga mdomo. Ukimuuliza atakujibu "iko sawa tu mwanangu," kwa adabu. Tazama mikono yake. Akisukuma ubao kwa kisigino ili usihame, andika. Akitandika kanga iliyokunjwa kabla ya kukaa, andika. Ukijikuta unasema "hapana shangazi, shika hapa," andika hilo kwa wino mwekundu.

Pa kutengenezea hutakosa. Kama karakana ya chuo chenu ni ya kupanga foleni, VETA Chang'ombe wana kozi fupi za kuchomelea na useremala, na Keko useremala utauona bure ukisimama tu. Ila usiende na laptopu. Nenda asubuhi kabla kazi hazijapamba moto, salimia, onyesha mchoro wako wa A4 na uulize swali moja: "Fundi, hapa ungefanyaje?" Atachukua penseli yake nyuma ya sikio na kuchora juu ya mchoro wako. Usiufute. Nakala hiyo ndiyo nitakayotaka kuiona ukiniandikia tena, pamoja na picha ya kiti kilichoshonwa, upande wa chini.