Chakula cha jioni cha watu wawili: vipimo, nazi moja kwa sufuria mbili, na zege (chipsi mayai) la nyumbani

Swali lilikuwa hili: wanandoa wapya, wote wanarudi kutoka kazini kwenye saa moja usiku, wana jiko la gesi la plate mbili na friji dogo, na wamechoka kununua chipsi kila siku. Wanataka vyakula vya jioni visivyowaweka jikoni hadi saa nne, na vyenye ladha ya kukaa mezani pamoja.

Mkuu, anzeni na vyombo. Wengi wetu tumejifunzia kupika kwenye sufuria ya watu wanane, kisha tunaoa au kuolewa tunagawa kila kitu kwa nne na chakula kinakataa. Sababu ni kwamba sufuria pana yenye chakula kidogo hukausha maji upesi: uso unaotoa mvuke ni ule ule, chakula ndicho kimepungua. Ndiyo maana wali wa kikombe kimoja kwenye sufuria ya lita tano unashika ukoko chini huku juu bado mbichi. Nunueni sufuria mbili ndogo zenye kitako kizito, moja ya lita moja na nusu, nyingine ya lita mbili na nusu, na mifuniko inayokaa sawasawa. Ongezeni kikaango kimoja cha sentimita 22 hivi. Chagueni pia kikombe kimoja cha kupimia, cha mililita 250, na msikibadilishe. Vipimo vyote hapa chini ni vya watu wawili wanaoshiba, bila kubakiza.

Maharage ndiyo yanayowaogopesha watu siku za kazi, na ni kweli, hakuna wa kuchemsha maharage saa moja usiku. Chemsheni mara moja, Jumapili. Nusu kilo ikishaiva inatoa vikombe sita au zaidi kidogo, yaani mboga ya jioni tatu. Yachambueni, yaloweni usiku kucha, mwageni maji ya kulowekea, tieni maji mapya yanayozidi maharage kwa vidole vinne. Yachemke kwa nguvu dakika 10 za kwanza kabla ya kupunguza moto. Hapo msipaharakishe, kwa sababu maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali, na moto mdogo peke yake hautoshi. Baada ya hapo moto wa wastani, saa moja hivi. Ya njano huiva mapema kuliko mekundu. Yakikataa kabisa kuiva, mara nyingi ni ya zamani, yamekaa ghalani. Watu hutia magadi; ncha ya kijiko cha chai inatosha, ikizidi maharage yanakuwa na ladha ya sabuni na mchuzi unabadilika rangi. Nyanya, ndimu na ukwaju visiingie kabla hayajaiva, maana uchachu unayafanya yabaki magumu hata ukichoma mtungi mzima. Yakishapoa, gawanyeni kwenye vibakuli vitatu pamoja na maji yake, mfunike, muweke kwenye friji. Siku tatu hadi nne yako salama. Kama umeme unakatika sana mtaani kwenu, lowekeni kikombe kimoja tu kwa wakati mmoja.

Sasa jioni ya wali na maharage ya nazi. Hii ndiyo ningewashauri muijue kuliko zote, kwa sababu nazi moja inahudumia sufuria zote mbili, na mkigawana kazi mnakula ndani ya dakika 45. Mmoja akune nazi. Kama hamna mbuzi ya kukunia, nunueni iliyokunwa sokoni, lakini iwe ya siku hiyo hiyo; ikilala inaanza kuchacha na tui lake lina ukali. Mimineni kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, fikicheni nazi kwa mkono kama dakika mbili, kamueni kwenye chujio: hilo ni tui zito, liwekeni pembeni. Rudieni machicha yale yale kwa vikombe viwili vya maji: hilo ni tui jepesi.

Mchele ni kikombe kimoja na nusu, kama gramu 300. Uosheni mara mbili au tatu, uloweke robo saa. Tui jepesi lote likae jikoni na chumvi, nusu kijiko cha chai, likichemka mtie mchele uliochujwa maji. Likishakaribia kulingana na mchele, mimineni nusu ya tui zito, geuzeni mara moja tu kwa mwiko kutoka chini, kisha moto uwe mdogo kabisa. Kwenye mkaa hapa ndipo mtu angepalia makaa juu ya mfuniko. Kwenye gesi wekeni karatasi ya foili chini ya mfuniko ili mvuke usitoroke. Dakika 12 hadi 15, zimeni, acheni dakika tano bila kufunua. Tui zito halitiwi mwanzoni kwa sababu likichemka muda mrefu linakatika: mafuta yake yanajitenga, chembe za nazi zinashuka chini, na chini ndiko panakoungua.

Maji yanahitaji jicho. Mchele mpya wa msimu unakunywa maji kidogo kuliko wa zamani. Mkifungua kilo mpya ya mchele wa Kyela na wali wa kwanza ukatoka bokoboko, punguzeni robo kikombe mara ya pili, msilaumu mkono. Ukitoka na viini, nyunyizeni vijiko vitatu vya maji ya moto, mfunike dakika tano kwenye moto mdogo. Msiugeuzegeuze, unavunjika na kuwa uji.

Wakati wali unajikalia, plate ya pili: kitunguu kimoja kwenye vijiko viwili vya mafuta hadi kilainike, nyanya mbili zilizoiva zilizokatwa ndogo, chumvi. Hapa ndipo mboga nyingi za nyumbani zinapoharibika. Nyanya lazima ziive hadi zivunjike na mafuta yaonekane pembeni, dakika saba au nane; ukiharakisha mchuzi unakuwa na uchachu mbichi usiotoka tena. Kisha bakuli moja la maharage, vikombe viwili, na maji yake kidogo. Ponda kijiko kimoja au viwili vya maharage kwenye ukingo wa sufuria, ndivyo mchuzi unavyoshikana bila kutia unga. Mwishoni kabisa tui zito lililobaki. Usifunike, koroga taratibu upande mmoja, likianza kutokota hesabu dakika tatu, epua. Tui likiachwa lichemke kwa fujo linakatika, mnaona punje nyeupe na mafuta yanaelea. Likikatika chakula bado kinalika, ila ule ulaini wa mdomoni umepotea.

Siku ambayo mmechelewa kweli, dagaa na ugali, dakika 25. Dagaa wa Mwanza vikombe viwili: toeni vichwa, maana ndivyo vyenye uchungu, na mtu akiwa anasimulia siku yake ilivyokwenda kazi hii inaisha bila kuijua. Waoshwe kwa maji ya moto mara mbili, wakinyanyuliwa kwa mkono. Msimwage maji kwa kuinamisha bakuli, mchanga uliotuama chini utarudi kwao. Wakaushwe, wakaangwe kwenye vijiko vinne vya mafuta ya moto hadi wawe wakavu wanaolia wakigeuzwa. Watoeni, kaangeni kitunguu na nyanya moja na pilipili hoho kwenye mafuta yale yale, rudisheni dagaa, kamulieni ndimu nusu, epueni. Wakikaa kwenye nyanya zaidi ya dakika mbili wanalainika na shombo inarudi. Dagaa wa Kigoma wana mchanga kidogo, bei yao ndiyo ya juu.

Ugali wa wawili: maji vikombe viwili na nusu, unga wa sembe vikombe viwili hadi viwili na nusu. Vijiko vitatu vya unga vikorogwe na maji ya baridi kwanza, vitiwe kwenye maji yanayochemka, uji uive dakika tatu. Unga mkavu uingie kidogo kidogo. Mabuje yanatokana na kumwaga unga wote kwa pamoja. Yakitokea, yakandamizeni kwenye ukingo wa sufuria mapema, ugali ukishakaza hayatoki. Dona likae jikoni dakika tano zaidi ya sembe. Sufuria ndogo inazunguka wakati wa kusonga, kwa hiyo mmoja ashike kwa kitambaa, mwingine asonge.

Mchicha wa pembeni: mafungu mawili, maana ukiingia kwenye moto unabaki kiganja kimoja. Usitie maji, una yake ya kutosha. Dakika nne, chumvi mwisho.

Ijumaa usiku ni zege, chipsi mayai. Watu wanaamini la mtaani haliwezekani nyumbani kwa sababu wanakaanga chipsi mara moja tu, kwenye mafuta ambayo hayajapata moto. Viazi mviringo nusu kilo, mkate unene wa kidole, muviloweke dakika 10 kwenye maji ya baridi ili wanga wa juu utoke; wanga huo ndio unaovigandisha na kuvifanya vyeusi kabla havijaiva ndani. Chujeni, mfute kwa kitambaa kikavu. Kiazi chenye maji kinarusha mafuta na kinashusha moto. Mafuta nusu lita kwenye ile sufuria ndogo, viazi kwa awamu mbili. Mara ya kwanza moto wa wastani, dakika tano au sita, vilainike bila kupata rangi. Vitoeni vipumzike dakika 10. Mara ya pili moto mkali, dakika mbili au tatu, mpaka vikigusana vinatoa sauti kavu.

Tengenezeni zege mbili ndogo, moja moja, kila moja mayai mawili. Moja kubwa la mayai manne kwenye kikaango cha sentimita 22 linakuwa nene, linaungua chini huku kati bado bichi, na linavunjika wakati wa kugeuza. Pigeni mayai na chumvi kidogo. Chumvi iwe kwenye mayai, msiitie kwenye chipsi. Kijiko kimoja tu cha mafuta kwenye kikaango, kipate moto, pangeni chipsi kwa safu moja, mimineni mayai kuanzia pembeni kuelekea kati, mpunguze moto. Angalieni ukingo: yai linaanza kunyanyuka lenyewe na kuwa na vitundu vidogo vya rangi ya dhahabu. Tikiseni kikaango. Likiteleza lote kwa pamoja, hapo ndipo linageuzwa: funikeni kwa sahani, pindueni, lirudisheni kikaangoni upande mbichi ukiwa chini, dakika mbili. Likiwa bado limeshika, ongezeni dakika moja, msilikwangue.

Kachumbari ikatwe mapema ila ichanganywe mwisho. Kitunguu kikatwe chembamba sana, kifikichwe na chumvi nusu kijiko cha chai, kioshwe na kukamuliwa. Ukali unaondoka na harufu haiwafuati kitandani. Nyanya mbili, nusu tango, ndimu, pilipili mkipenda. Chumvi ya kuonja itiwe wakati sahani ziko mezani, vinginevyo nyanya zinatoa maji na zege linalowa. Mafuta yakipoa yachujwe kwenye chupa, yatumike mara mbili zaidi. Yakianza kutoa povu au moshi kabla ya kupata moto, yamekwisha.

Kuhusu kiporo, kwa kuwa wengi mnakipenda asubuhi na chai. Wali wa nazi unachacha upesi kwenye joto la Dar au Mombasa. Uingie kwenye friji ukishapoa, ndani ya saa moja hivi tangu kuepuliwa, ukiwa umetandazwa kwenye sahani pana. Uliolala juu ya jiko usiku kucha utupwe hata kama haunuki, maana kuna sumu ya bakteria wa wali isiyokufa kwa kupashwa moto.

La mwisho ni la kula taratibu, siku isiyo na haraka: ndizi mbivu za nazi. Ndizi mzuzu tatu zilizoiva hadi ganda lina madoa meusi. Yenye ganda la njano tupu bado ina ukakasi. Menyeni, mkate kila moja vipande viwili kwa urefu, mtoe ule uzi wa kati. Zipangeni kwenye sufuria, mimineni tui jepesi kikombe kimoja, iliki tatu zilizopondwa, chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Moto mdogo dakika 10, bila kukoroga, mkizungusha sufuria tu. Onjeni kabla ya sukari, ndizi iliyoiva vizuri inahitaji kijiko kimoja, pengine hata hicho haihitaji. Malizieni na tui zito nusu kikombe, litokote kidogo, mzime. Acheni zikae dakika kumi wakati chai ya mchaichai inachemka. Tui linanenepa na kushika ndizi, nazo zinaliwa vizuri zaidi zikiwa vuguvugu.