Maswali ya Wasomaji: Mnyama wa kijivu kwenye misitu ya Maine

SWALI: Shikamoo mzee. Naishi jimbo la Maine, Marekani, huu mwaka wa sita. Novemba iliyopita wenzangu wa kazini walinichukua kwenda kuwinda kulungu. Giza likianza kuingia, mnyama wa kijivu alikatiza barabara ya magari ya magogo mbele yangu, kama hatua mia moja na ishirini. Miguu mirefu, kichwa kikubwa, mkia umening'inia. Hakukimbia. Alinitazama, akaingia msituni. Nilimlenga bunduki, kisha nikaishusha. Wenzangu walinicheka, wakasema ni koyote, yule mnyama wa huku wa jamii ya mbwa aliye mdogo kuliko mbwa mwitu, na kwamba mbwa mwitu waliisha huku tangu enzi za mababu zao. Ila mmoja wao, mtu mzima, alinivuta pembeni akaninong'oneza kuwa naye aliwahi kumwona "huyohuyo". Asubuhi nilirudi nikakuta nyayo kwenye theluji, nimekutumia picha. Je, nilimwona mbwa mwitu? Na nilikosea kutopiga?
Msomaji, Maine

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianzie mwisho, maana hapo nina uhakika: hukukosea hata kidogo. Huko Maine koyote huwindwa mwaka mzima, lakini mbwa mwitu analindwa na sheria ya nchi nzima ya mwaka 1973 ya viumbe walio hatarini kutoweka. Kumuua kwa makusudi ni faini ya maelfu ya dola na hata kifungo.

Kabla sijaendelea, tuelewane juu ya jina. Ukisema "mbwa mwitu" mbele ya askari wanyamapori wa huku kwetu, atamfikiria yule wa mabaka mwenye masikio ya duara, anayekimbiza swala kwa kundi. Wewe unamzungumzia mwingine kabisa, yule wa kijivu wa nchi za baridi, ambaye Biblia inasema huja amevaa ngozi ya kondoo. Humu ndani nitakuwa nikimsema huyo.

Wenzako wana haki ya kucheka, ila nusu tu. Ni kweli mbwa mwitu walimalizwa Maine na majimbo jirani kufikia mwisho wa karne ya 19, kwa bunduki, mitego, sumu na zawadi ya fedha kwa kila kichwa. Lakini kuanzia hapo wameonekana tena mmoja mmoja, na mara nyingi aliyewaona wa kwanza ni mwindaji. Mwaka 1993, huko huko Maine, eneo la ziwa Moosehead, mwindaji wa dubu aliua mbwa mwitu jike. Desemba 2021, karibu na Cooperstown, jimbo la New York, mwindaji alipiga mnyama akidhani ni koyote mkubwa. Alipowekwa kwenye mizani: kilo 38 na ushee. Vipimo vya kwanza vya vinasaba vikasema koyote. Watu hawakuridhika, akapimwa tena, na mwaka 2022 ikathibitika ni mbwa mwitu. Januari 2024, kusini mwa Michigan, wilaya ya Calhoun, ikawa vilevile: mwindaji wa koyote, mnyama wa kilo 38, na maabara ikasema mbwa mwitu, mahali ambapo hakuwa ameonekana kwa zaidi ya miaka mia.

Umeona kinachonisumbua? Karibu kila mara tunapata uhakika mnyama akiwa tayari amelala chini. Kuna jike mmoja alionekana mwaka 2014 ukingo wa kaskazini wa Grand Canyon, lile korongo kubwa la jimbo la Arizona, akathibitishwa kwa kinyesi chake tu, watu wakampa jina Echo. Kabla mwaka haujaisha alikuwa ameuawa Utah na mtu aliyesema alidhani ni koyote.

Sasa mnyama wako. Hatua mia na ishirini, jioni, kwenye barabara nyeupe isiyo na kitu cha kumlinganisha naye: hapo macho hayaaminiki, na simaanishi ya kwako peke yako. Mwaka wangu wa pili kazini kama askari wanyamapori niliandika kwenye daftari la doria: "duma mmoja, saa kumi na mbili na robo jioni." Nilikuwa tayari kuapa. Kesho yake mkuu wangu wa doria akanirudisha pale pale, akachuchumaa, akatoa kiberiti mfukoni na kukilaza juu ya unyayo. Kiberiti kikaufunika karibu wote. Hakusema neno, akanipa kalamu. Nikafuta "duma", nikaandika "mondo", yule paka mwitu wa madoa aliye mdogo sana kuliko duma. Nilitaniwa mwaka mzima.

Kwa Maine jambo ni gumu zaidi, kwa sababu koyote wa mashariki si kama yule wa jangwani. Wakati wakienea kuja upande huo, mababu zake walizaliana na mbwa mwitu wa Canada na eneo la Maziwa Makuu, kwa hiyo ni mkubwa, na damu ya mbwa mwitu anayo kweli. Wengi wana kilo 13 hadi 20, na manyoya ya Novemba huwafanya waonekane mara mbili ya hapo. Mkia ulioning'inia haukusaidii, koyote naye ndivyo anavyoubeba. Mimi ningekuuliza masikio na pua. Koyote ana masikio marefu yaliyochongoka na pua nyembamba kama ya mbweha. Mbwa mwitu ana masikio mafupi ukilinganisha na kichwa, ncha zake zimeviringika kidogo, na pua pana, nzito. Wewe umeandika "kichwa kikubwa" lakini masikio hukuyataja. Nadhani hukuyaona.

Tuje kwenye picha. Nyayo zinaonekana vizuri, ila hukuweka kitu chochote pembeni, kwa hiyo zinaweza kuwa za mnyama wa ukubwa wowote. Safari nyingine laza kadi yako ya benki kando ya unyayo, urefu wake ni sentimita 8 na nusu. Unyayo wa koyote kwa kawaida ni mfupi kuliko kadi. Wa mbwa mwitu huipita waziwazi, unafika sentimita 11 hadi 13. Piga ukiwa umesimama juu yake moja kwa moja, si kwa mshazari, na upige kabla jua halijapanda, maana theluji ikiyeyuka unyayo hutanuka na paka wa nyumbani anageuka chui. Kisha rudi nyuma upige mstari mzima. Kitu kimoja nimekipenda kwenye picha yako ya pili: nyayo zimenyooka kama uzi. Mbwa wa kufugwa huzurura, ananusa huku, anarudi kule. Huyu alikuwa na safari yake. Basi mbwa tumuweke kando, tubaki na wawili.

Ukikuta kinyesi chenye manyoya na vipande vya mifupa, kipige picha, kitie kwenye mfuko wa karatasi bila kukigusa kwa mkono, andika tarehe na mahali, ukipeleke kwa wataalamu wa wanyamapori wa jimbo. Humo ndimo jibu litakapotoka. Na wapime zaidi ya jina la mnyama: mwaka 2013 kule Kentucky mwindaji alipiga mbwa mwitu halisi wa kilo 33, lakini ukoga mwingi kwenye meno ulifanya wataalamu washuku kwamba aliwahi kufugwa. Anayetoroka kwenye uzio wa mtu si sawa na aliyetembea mwenyewe kutoka Quebec, jimbo la Canada linalopakana na Maine, ambako wenzake wapo hadi leo upande wa pili wa mto St. Lawrence. Safari hiyo ina mto mpana, barabara kuu na mitego, lakini mbwa mwitu kijana anayetafuta mwenza anatembea mamia ya kilomita.

Usione haya kwa kutojua. Kuna mnyama wa Serengeti ambaye nilimwandika kwenye madaftari miaka yote ya kazi kama "mbweha wa dhahabu". Mwaka 2015 wataalamu wa vinasaba wakatangaza kwamba huyo wa Afrika yuko karibu zaidi na mbwa mwitu wa kijivu kuliko mbweha wa dhahabu wa Asia na Ulaya. Safari hii hakuna aliyenitania, maana tulikosea wote.

Kwa hiyo kwenye daftari langu nimekuandikia hivi: "Maine, Novemba, mnyama wa jamii ya mbwa, mkubwa, hajathibitishwa." Sitaandika zaidi kwa sasa. Lakini yule mwenzako aliyekunong'oneza, mkalishe chini mbali na wale wanaocheka, umuulize alimwona kwenye barabara ipi, mwezi gani, akielekea wapi. Ikiwa ni bonde lilelile, fungeni kamera ya mtego, ile inayopiga picha yenyewe mnyama akipita, kwenye mti, kimo cha goti, ikitazama barabara. Na pembeni yake chomekeni kijiti mlichokwisha kukipima.