Kwa wanaoanza maabara ya patholojia Mombasa: angalieni kipokezi kimekaa wapi

Wengi wanaokuja kujifunza kazi katika maabara za tishu hapa Mombasa huwa wamekwisha kukariri majina ya vipokezi vinavyoshikanisha seli, yaani integrini, kadherini, selektini na jamaa zao wa imunoglobulini. Ni vyema kuyajua, lakini daktari anayesubiri majibu anataka kuambiwa rangi inayotumika kuvionyesha vipokezi hivyo imeshika tishu gani, na katika upande gani wa seli.

Chukueni E-kadherini. Hii hukaa kwenye seli za epitheliamu, yaani tabaka linalofunika au kutanda viungo na mirija, ubavuni, pale seli inapopakana na jirani yake. Kipande cha titi kikitiwa kingamwili zake, yaani protini zinazoishika E-kadherini na kuonyeshwa kwa rangi, mirija ya kawaida ya maziwa huonyesha mstari mwembamba wa kahawia kuizunguka kila seli. Itazameni mirija hiyo kabla ya kuugusa uvimbe, kwa sababu ikiwa nayo haikushika rangi, slaidi hiyo haifai kusomwa na kazi irudiwe. Ikiwa imeshika vizuri, na seli za uvimbe zilizopangana mstari mmoja hazina rangi kwenye utando wake, hapo ndipo saratani ya lobyuli, aina mojawapo ya saratani ya titi, inapoanza kufikiriwa. Rangi iliyotapakaa ndani ya saitoplazimu, yaani ute uliomo ndani ya seli, msiihesabu kuwa ya utando. Hapa ndipo wageni wa kazi hii hubishana sana, na mara nyingi kuongeza ukuzaji wa hadubini hutosha kuumaliza ubishi.

Integrini, ambazo binadamu anazo aina 24, nyingi hushika vitu vilivyo nje ya seli. Ile ya alfa-6 beta-4 hupatikana chini kabisa ya seli za tabaka la msingi la ngozi, mahali zinapoushika utando wa msingi, yaani utando mwembamba ulio chini ya tabaka hilo.

Selektini zinadai uangalifu zaidi, kwa kuwa hubadili makao. P-selektini huhifadhiwa katika vifuko ndani ya chembe sahani na ndani ya seli zinazotanda mishipa ya damu, kisha hutokea juu ya seli kwa dakika chache tu baada ya kuchochewa, ilhali E-selektini hulazimika kutengenezwa upya na huchukua saa kadhaa.

Kwetu Pwani, malaria inalifanya jambo hili la makao ya vipokezi kuwa la kila siku. Chembe nyekundu zenye vimelea vya falsiparamu, aina mojawapo ya vimelea vya malaria, vilivyokomaa hung'ang'ania vipokezi vya kuta za mishipa midogo, kama ICAM-1 na CD36, ndiyo maana damu ya kidole huonyesha zaidi vimelea vichanga vya umbo la pete, na uchache wa hivyo vinavyoonekana hauthibitishi uchache wa vimelea mwilini. Kwa mjamzito, vimelea hujishikiza kwenye kondroitini salfeti A, aina ya mnyororo wa sukari, ya kondo la nyuma. Kondo likiletwa, kagueni nafasi zinazopita damu ya mama, hata kama slaidi yake ya kidole ilisomwa kuwa haina kimelea.