Ripoti inayokesha

SWALI: Salamu kutoka Jinja. Niko idara ya kompyuta katika kampuni inayosambaza sukari na sabuni. Mauzo ya miaka tisa yako kwenye seva moja. Ripoti ya mwaka tunaianzisha jioni, asubuhi tunaikuta haijaisha. Muuzaji anatushauri tununue kabati zima, mashine na programu zake zikiwa zimefungwa pamoja. Je, ndiyo dawa?
– Msomaji, Jinja

JIBU: Ndugu yangu, usiku wa kungoja ripoti naujua, nimesimamia ghala la data, yaani hifadhi ya kumbukumbu za kutolea ripoti, hapa Kampala miaka sita.

Nionavyo, ugonjwa uko njiani, kati ya diski, zinamokaa data, na prosesa, inayopiga hesabu. Umeona malori ya kahawa yatokayo Masaka? Ukipakia kiboko, kahawa kavu na maganda yake, karibu nusu ya mzigo unaoulipia nauli ni maganda. Ukikoboa kulekule, zinakuja punje tu. Seva yako inasafirisha kiboko: inavuta mistari yote ya miaka tisa, kila uuzaji mstari wake, ndipo itupe isiyotakiwa.

Makabati hayo yalibuniwa yakoboe shambani. Teradata, iliyoanzishwa California mwaka 1979, iligawa data kwa prosesa nyingi, kila moja na diski zake, zote zikifanya kazi kwa wakati mmoja. Netezza, ambayo IBM iliinunua mwaka 2010, iliweka chipu maalumu karibu na diski ichuje mistari kabla haijafika kwenye prosesa. Katika Exadata ya Oracle, iliyotoka mwaka 2008, seva za kuhifadhia ndizo zinazochuja.

Ila hakuna kabati litakalokuokoa ukigawa data vibaya. Mimi hapo ndipo nilipoumia. Tuligawa miamala kwa wilaya, tukaona ni akili. Prosesa iliyobeba Kampala ikakesha. Zilizobeba Kotido na Bundibugyo zilimaliza mapema, zikakaa bure. Na ripoti haitoki mpaka ya mwisho imalize! Tulipogawa upya kwa namba ya mteja, ikawa tayari kabla ya chai ya saa nne. Kwako chunguza kwanza: kama muuzaji mmoja wa jumla ananunua robo ya sukari yote, namba ya mteja nayo itakuangusha.

Kwa sasa, usinunue. Mauzo ya msambazaji mmoja hayatarajiwi kujaza kabati. Hamishia ripoti kwenye seva nyingine, mbali na ile inayoandika ankara. Ligawe jedwali la mauzo kwa miezi, ili ripoti ya mwaka jana isiguse miaka mingine minane. Kisha kila usiku jumlisha mauzo ya siku hiyo, uyahifadhi pembeni. Hizo ni kazi za wiki mbili, hazihitaji shilingi ya mkurugenzi.

Tena kabati lililofungwa diski yake ikifa, huendi kuitafuta madukani Kampala Road. Unamngoja mtengenezaji, kwa mkataba unaolipiwa kila mwaka.

Niandikie jedwali lenu kubwa lina mistari mingapi, na ripoti inauliza nini hasa. Nitakujibu toleo lijalo.