Majani machanga ya mwaridi yakiungua, usikimbilie dawa

Kila mwaka kaskazi ikikolea, watu huanza kuniuliza dawa ya kupulizia miwaridi. Majani mapya yamekuwa kahawia pembeni, mengine yamejikunja, mengine yamechanika. Mara nyingi hapo hakuna ugonjwa. Ni jua, upepo au chumvi ya bahari.

Jani la mwaridi likichipua huwa jekundu, laini, linang'aa. Wekundu huo ni wa kawaida, utageuka kijani likikomaa. Lakini kwa wakati huo ngozi yake bado nyembamba na linapoteza maji upesi. Jua la Januari na Februari hapa Dar, joto likifika nyuzi 32 na zaidi, hukausha kingo kabla mizizi haijaleta maji ya kutosha. Hali huwa mbaya zaidi mawingu yakitanda siku kadhaa kisha jua likawaka ghafla, maana majani yaliyotoka kivulini hayajazoea ukali wake.

Juzi jirani alinigongea geti na tawi mkononi. "Dada, nipulizie nini?" Nikamwambia, "Tuliangalie kwanza, kaka." Alama zilikuwa upande mmoja tu wa kichaka, ule unaotazama baharini, na kwenye majani ya umri mmoja. Katika jani moja kulikuwa na mikwaruzo miwili iliyolingana, mmoja kila upande wa mshipa wa kati. Hiyo ni kwa sababu jani lilijeruhiwa likiwa bado limekunjwa, pengine kwa mwiba wa tawi la pili lililokuwa likiyumba, kisha likafunguka na jeraha lake. Chini ya jani hapakuwa na wadudu wala utando wa utitiri.

Ugonjwa wa madoa meusi una sura nyingine kabisa. Doa lake lina kingo zenye nyuzinyuzi, jani hugeuka njano kulizunguka, na kwa kawaida huanzia majani ya chini na kupanda juu. Unapenda majani yaliyolowa kwa saa nyingi, ndiyo maana masika ndiyo msimu wake. Chumvi ya maji ya kisima nayo huanza kuonekana kwenye ncha na kingo za majani makubwa ya zamani, na udongo wa chungu huota ukoko mweupe.

Kama ni hali ya hewa, majani hayo yaache. Sehemu ya kijani iliyobaki bado inaulisha mmea, na ukiyapogoa yote utaulazimisha utoe mengine laini katika jua lilelile. Angalia yatakayofuata: yakitoka safi, shida imepita. Kupulizia dawa saa sita mchana kutayaunguza zaidi.

Mwagilia alfajiri, kwenye shina, maji yazame hasa. Tandaza majani makavu au pumba za mpunga juu ya udongo, ila yasigusane na shina. Chungu cheusi cha plastiki kisikae kwenye sakafu ya saruji inayopigwa na jua la alasiri, mizizi itaiva; kihamishie panapopata jua la asubuhi. Kwenye joto kali achana kabisa na mbolea ya yurea, inatoa majani mengi mororo ambayo ndiyo ya kwanza kuungua. Hili nalisisitiza, kwa sababu watu wakiona mmea umechoka hukimbilia mbolea.

Wa Kunduchi, Mbezi Beach na Kigamboni, upepo wa bahari ukivuma usiku kucha, suuzeni majani asubuhi kwa maji yasiyo na chumvi, yapate kukauka mapema.

Kupogoa kwa nguvu mimi huacha mpaka Juni, masika yakiisha na joto likipungua. Kusi huwa inavuma wakati huo, kwa hiyo nafunga matawi marefu kwenye vigingi na kuweka neti ya kivuli upande wa kusini. Nachagua neti yenye matundu badala ya turubai, kwa kuwa hupunguza kasi ya upepo na kuacha hewa ipite.