Barua kwa Mwanangu: Urithi wa Abraham Darby

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini watoto wa Abraham Darby, mwanzilishi wa kiwanda cha chuma cha Coalbrookdale kule Uingereza, hawakurithi kiwanda chote cha baba yao. Jibu fupi ni rehani, lakini kisa chenyewe ni kirefu kuliko neno hilo.

Darby alizaliwa mwaka 1678 karibu na Dudley, mtoto wa fundi wa kufuli, katika dhehebu la Marafiki, lile lile lililofika kwetu Kaimosi mwaka 1902. Alipelekwa Birmingham kujifunza kazi ya kutengeneza vinu vya kusagia kimea. Usiipuuze kazi hiyo, kwa maana watengeneza kimea walikuwa wakikikausha kwa makaa ya mawe yaliyookwa kwanza ili moshi na kiberiti vitoke.

Akiwa Bristol, mwaka 1707, alipata hataza, yaani haki ya pekee ya mvumbuzi, ya kusubu vyungu vya chuma kwa mchanga mtupu, bila udongo wa mfinyanzi. Kitazame kile chungu cheusi cha miguu mitatu jikoni kwangu: mfano wake huzungushiwa mchanga ulioshindiliwa, kisha hutolewa, na chuma kilichoyeyuka humiminwa katika nafasi iliyobaki. Mwaka uliofuata alikodi tanuri bovu la Coalbrookdale, na mwaka 1709 akayeyusha chuma humo kwa makaa yaliyookwa, badala ya mkaa wa miti. Miaka mingi baadaye Abiah, mke wa mwanawe, aliandika kwamba mzee alijaribu kwanza makaa mabichi yakamshinda, ndipo akayaoka kama wafanyavyo watu wa kimea.

Kazi hiyo ilihitaji fedha, naye akakopa kwa Thomas Goldney, mfanyabiashara wa Bristol, akiweka hisa zake rehani. Alifariki mwaka 1717 kabla ya kutimiza miaka 40, na mjane wake Mary akamfuata baada ya miezi michache tu. Mtoto aliyebeba jina la baba yake, Abraham wa pili, alikuwa amezaliwa mwaka 1711. Mtoto wa umri huo hawezi kubishana na mdai. Sehemu kubwa ya hisa ikaenda kwa Goldney, uendeshaji ukashikwa na mkwe wa Darby, Richard Ford, na kilichobaki kwa watoto kiliokolewa na mjomba wao, Joshua Sergeant, aliyewanunulia hisa chache. Vitabu humtaja mjomba huyo kwa mstari mmoja, nami naona wanamdhulumu.

Kijana alipokua aliingia kazini humo humo, na katika miaka ya 1750 chuma chake cha makaa ya mawe kikaanza kuwafaa hata wafua vyuma, jambo ambalo baba yake hakulifikia. Mjukuu, Abraham wa tatu, ndiye aliyesubu lile daraja la chuma juu ya mto Severn, lililosimamishwa mwaka 1779. Gharama zilimzidi, akafariki mwaka 1789 kabla ya kutimiza miaka 40, kama babu yake, naye pia akaacha madeni.

Mama yako